Karani Aliyeandikisha Jina la Mama

Nikimkumbuka Karani, kinachotangulia ni kidole. Kidole cha shahada cha mkono wa kulia, chenye ukucha mrefu wa manjano alioutunza kama watu wanavyotunza mbegu. Alipopita sokoni Singida asubuhi alikitia kila mahali: kwenye asali ya watu wa Mitundu, kwenye unga wa uwele, kwenye samli ya mama yangu. Anakitia, anakilamba, anakipangusa kwenye suruali, anakwenda kwa mwingine anakitia tena. Hakuwa akinunua. Mama alikuwa akisubiri ageuke, kisha anachota kwa kijiko sehemu yote aliyoigusa na kuwatupia mbwa, na naapa hata mbwa walikuwa wakinusa kwanza.

Simpendi, na ni afadhali niseme mapema. Amekwisha kufa, na kwetu marehemu hasemwi vibaya, lakini walioiweka kanuni hiyo hawakuonja samli aliyokuja kuiuza.

Tulimwita Karani kwa sababu enzi za Mwingereza alikuwa mwandishi kwenye baraza la mtemi. Uhuru ulipokuja, watemi wakaondolewa, baraza likafungwa, yeye akabaki na kalamu. Akaweka meza kwenye varanda ya duka moja la nguo, akawa anaandikia watu barua na maombi. Jina lake la kuzaliwa sikupata kulisikia. Nimewauliza wazee waliofanya naye kazi, kila mmoja akakuna kichwa akasema, "Si Karani tu?"

Alikuwa msafi wa nguo kuliko wanaume wote wa soko. Shati jeupe, kola imepigwa pasi ya mkaa, viatu vinang'aa hata wakati wa vumbi la Septemba. Usafi wake uliishia hapo. Akikohoa alitema kwenye kona ya varanda, palepale wateja wake walipokaa wakisubiri zamu, kisha akasukuma mchanga kwa ncha ya kiatu kilichong'aa. Nyumba ya ibada hakukosa. Alikaa mbele na kuimba kwa sauti nzuri, tena nzuri kweli, na hilo liliniudhi zaidi, kwa sababu ukifumba macho ungeweza kudhani ni mtu mwema.

Nitamtendea haki. Wake wa wafungwa aliwaandikia barua bila malipo, na jibu likirudi aliwasomea polepole, na mahali penye maneno makali alipalainisha. Niliwahi kumsikia akimsomea mwanamke mmoja kwamba mumewe anamkumbuka, na barua nikaiona baadaye, haikuwa na neno hilo. Wala hakuwa mwizi wa mfukoni. Ungeweza kusahau mkoba wako mezani pake ukaukuta jioni na kila kitu chake. Alijisifu kwa hilo hadi tukachoka: "Mimi sijaiba hata sindano ya mtu. Mimi naandikisha."

Kuandikisha ndiyo ilikuwa kazi yake hasa. Alikuwa na msemo mmoja, na aliutoa kama mtu anayetoa baraka: "Kisichoandikwa hakina mwenyewe." Alikuwa amegundua jambo ambalo sokoni kwetu hakuna mwingine aliyelijua, kwamba Dar es Salaam kuna ofisi ambako jina la biashara linaandikishwa, na aliyetangulia kulipeleka ndiye mwenye nalo. Sisi tulidhani jina ni la yule anayeitwa. Akaanza na mwenye hoteli ya chai. Mtu huyo aliita hoteli yake Tumaini, na siku moja Karani akamwonyesha hati yenye mhuri: Tumaini ni ya Karani. Tangu hapo Karani alikunywa chai na maandazi pale kila asubuhi, bure, mguu juu ya mguu, na akiona chai ni nyepesi alirudisha kikombe jikoni. Fundi baiskeli naye akatwaliwa jina. Yeye kwa hasira akaupaka ubao wake chokaa, ukabaki mweupe mtupu, na watu wakaanza kusema wanapeleka baiskeli Ubao Mweupe. Karani aliposikia alifikiri kidogo, kisha akauliza kama jina hilo limeshaandikwa na mtu.

Wanaume wazima walicheka kisha wakanyamaza. Wanaume wa soko letu walikuwa hodari wa kucheka. Waliogopa mhuri kama wengine wanavyoogopa chatu, na mtu mwenye karatasi iliyotoka Dar es Salaam walimwona amezungumza na serikali uso kwa uso. Na hilo pia linanichefua hadi leo.

Sasa nifike kwa mama.

Mama yangu alikuwa anatengeneza samli. Siagi aliipata kwa akina mama wafugaji wa kwetu Mungaa na wengine wa mbali mpaka Kinyangiri, waliosuka maziwa kwenye vibuyu. Yeye aliichemsha kwa moto mdogo, akaichuja mara mbili, akaitia kwenye makopo safi. Mimi nilikuwa nimeolewa, nimeachika, nimerudi nyumbani, kwa hiyo nilikuwa naye jikoni kila siku na najua ninachosema. Samli yake ilikuwa ya rangi moja juu hadi chini. Familia za wafanyabiashara wa mjini hazikupikia pilau samli nyingine, na mwanamke akijifungua, mumewe alitumwa kwa Mama Mwaja kabla ya kutumwa kwa mkwe.

Mwaja alikuwa dada yangu. Alikufa kabla hajajua kutembea na kabla mimi sijazaliwa. Mama aliendelea kuitwa Mama Mwaja. Mimi niliyebaki hai sikuwahi kumpa mama jina, na utotoni nilimwonea wivu mtoto aliyelala kaburini, nikaona amenizidi. Ukubwani nikaelewa. Mwaja hakuwa na nguo iliyobaki, wala picha. Alichokuwa nacho duniani ni mdomo wa watu waliomwita mama yake. Kila aliyepita akisema, "Mama Mwaja, umeamkaje?" mama alikuwa kama mtu aliyeambiwa mtoto wako hajambo.

Makopo yalipozidi, mama akataka yaandikwe ili watu wasibabaishwe. Hakujua kusoma. Akaenda kwa Karani, kwa miguu yake mwenyewe, akamwomba amchoree herufi ambazo mchoraji angezifuatisha kwa brashi. Karani akachora vizuri sana: SAMLI YA MAMA MWAJA. Alikataa hata asante. Alimuuliza tu, "Huyu Mwaja ndiye nani?" Mama akamweleza habari yote, hadi homa na siku ya kuzika. Karani akatikisa kichwa, akasema, "Pole sana, mama." Kisha akalipeleka jina Dar es Salaam.

Mvua za mwaka huo zilipokwisha, makopo mengine yakatokea sokoni, yenye herufi zilezile. Samli yake Karani. Alinunua siagi iliyokwisha kuchacha, akaiongeza mafuta ya ng'ombe ya machinjioni na viazi vitamu vilivyopondwa. Niliionja mara moja. Ilinigandia kwenye kaakaa nikakwangua kwa ukucha, na harufu ya zizi haikunitoka puani hadi nilipolala. Mwanamke mmoja alitoka Kinyangiri na kopo lile kichwani, akaliweka miguuni pa mama sokoni mbele ya watu.

"Mama Mwaja, umemlisha nini mkwe wangu? Ana mtoto mchanga, anatapika tangu juzi!"

Mama alikwenda kwa afisa wa biashara wa wilaya. Alikuwa kijana aliyetoka masomoni, mwenye adabu, na alikuja sokoni kusikiliza shauri. Wakaweka benchi. Karani akatoa hati yake. Afisa akaisoma, akaigeuza nyuma, akaisoma tena, akamtazama mama.

"Shikamoo, mama. Wewe una hati ya jina hili?"

"Marahaba. Nina kaburi."

"Nini, mama?"

"Nina kaburi la mwenye jina. Liko Mungaa, nyuma ya zizi la kaka yangu. Twende ukalione."

Ndipo Karani akaegemea mbele, na kola yake nyeupe, na sauti yake nzuri ya kuimbia. "Bwana Afisa, muulize. Hilo kaburi limeandikwa?"

Nimeishi miaka mingi na nimesikia matusi ya kila namna, ya waume na ya wake wenza. Sijasikia lililo chafu kuliko hilo. Lilisemwa kwa upole, na halina neno moja baya ndani yake.

Afisa aliona haya. Lakini alishika hati. Akasema kwamba katika biashara jina ni la mwenye kuliandikisha, na mama asiliweke kwenye makopo wala asiuzie kwa jina hilo. Akaongeza, akidhani anampoza, kwamba nyumbani aendelee kuitwa apendavyo.

Mama alisimama. "Mwanangu, sina majina mawili. Nyumbani liwe langu, hapa liwe la huyu? Hapana. Kama mmelichukua, lichukueni lote. Mimi si mwizi, siwezi kuitikia cha mtu."

Tulidhani ni hasira za siku moja. Hazikuwa. Kuanzia jioni ile, ukimwita Mama Mwaja haitiki. Jirani atasimama uani, atabisha, ataita mpaka akauke koo, mama anaendelea kukoroga. Nilikuwa nikimtazama usoni. Midomo yake ilifunguka kidogo, kisha aliifunga. Watu wakajifunza kumwita mama tu, au bibi wa samli. Samli iliuzika, maana ulimi wa mtu hausomi kopo. Ila Mwaja akawa hatajwi tena nyumbani kwetu, na mama akaanza kuzeeka kwa haraka.

Mchinjaji mmoja Mnyiramba, mtani wetu, ndiye aliyeanza mzaha. Siku iliyofuata lile shauri alisimama mbele ya varanda ya Karani, akavua kofia, akapiga magoti kwa heshima zote. "Shikamoo, Mama Mwaja! Mtoto amenyonya?" Soko zima likavunjika mbavu. Karani akarusha kidau cha wino. Salamu ile ikawa ndiyo kibwagizo. Hakuna aliyemwita Karani tena mbele ya uso wake. Wanawake wa chama cha kusaidiana wakampelekea mwiko, wakamwambia Mama Mwaja, zamu yako kusonga ugali wa harusi Jumamosi, si umesema jina ni lako? Kwenye msiba walimwita akakae upande wa kina mama. Mwenye hoteli ya chai alipata nguvu ghafla, akawa anapaza sauti, "Chai ya Mama Mwaja, na isiwe nyepesi!"

Nilicheka, siku ya kwanza. Siku ya pili nilisikia mtu akimuuliza Karani kama maziwa yake yametoka, nikaacha kucheka. Dada yangu alikuwa amegeuzwa maziwa ya kubuni kwenye kifua cha mzee anayetema mate kwenye kona. Tulikuwa tunamtetea mama kwa kulichezea jina la mwanawe, na Karani alilitia mafuta ya machinjioni, sisi tukalitia vicheko. Mama alijua anataniwa. Aliniambia mara moja tu, "Waache. Lakini wasinisimulie."

Kisha ikaja amri ya kuhamia vijijini. Tulipakiwa kwenye lori na vyungu vyetu, tukashushwa kwenye pori lililofyekwa, njia ya kwenda Mungaa, nyumba zikapimwa kwa mstari. Watu wa mjini wasio na kazi ya kueleweka nao walipelekwa vijijini, na kwa bahati yetu mbaya Karani alishushwa palepale, mstari wa nyuma yetu. Mke wake hakushuka naye. Alikwenda kwao na hakurudi, na mtoto hawakupata kuwa naye.

Samli ya mtu binafsi ikaisha. Siagi yote ilikwenda ushirika, ikachanganywa, ikatiwa kwenye madebe yasiyo na jina la mtu. Hati ya Karani ikawa haina kazi hata ya kufungia tumbaku. Nikafikiri, sasa atalirudisha jina, maana ana faida gani? Kwenye mkutano wa kijiji mwenyekiti alipokuwa akieleza kwamba shamba ni letu sote, majembe ni yetu sote, mtu wa nyuma akapaza sauti: "Na majina je?" Kicheko. Karani akasimama, amekonda, kola imechanika lakini imepigwa pasi. "Jina si mali ya kijiji. Jina lina hati." Akaketi. Hakuwa na samli, wala duka, wala mteja, na bado hakuachia. Fisi huacha mfupa usio na nyama, mtu yule hakuacha.

Miaka ikapita hivyo. Mama miguu ikavimba, akawa hatoki nje ya ua. Siku moja, ninamkanda kwa maji ya moto, akasema bila kunitazama, "Nenda kwa yule mtu. Sitaki hati yake. Nataka aseme kwa mdomo wake kwamba ni langu. Sitaki kufa nimemwacha mwanangu kwa mtu."

Nikaenda, nikiwa na uchungu kama shubiri. Karani alikuwa amekaa kizingitini, macho yamefunga ukungu. Nikamwamkia, nikamwambia nilichotumwa. Akaniuliza kama mama bado anapika samli. Nikamwambia tuna ng'ombe mmoja tu. Akasema, "Aniletee kopo moja, binti. Ile yenyewe. Nikishaonja nitakujibu."

Nilipomweleza mama nilitarajia atukane. Aliomba asogezewe mafiga. Alikusanya siagi ya siku kadhaa, akaichemsha akiwa amekaa kwenye kigoda, akaichuja mara mbili kama zamani. Alinipa kopo limefunikwa kwa kitambaa cheupe.

Nilipokuwa nakaribia kwa Karani, watoto wawili walikuwa wanapita na kuni. Walisimama, wakainama mbele yake. "Shikamoo, Mama Mwaja." Nikasubiri arushe jiwe, kama alivyozoea. Watoto hawakuwa na utani wowote usoni. Walizaliwa wakilikuta jina hilo juu yake na walidhani ndivyo alivyoitwa. Karani akainua uso. "Marahaba, wanangu. Msalimieni bibi yenu nyumbani." Alisema kwa sauti ileile ya kuimbia.

Nikamwekea kopo mikononi. Akafunua kitambaa, akanusa, kisha akaingiza kidole. Ukucha ulikuwa bado upo, mrefu, umepinda. Akalamba. Akaingiza tena. Mafuta yakamtiririka kidevuni hadi kwenye kola, na alikuwa akilia, au ni yale macho yake, sijui na sikutaka kujua.

"Ndiyo yenyewe," akasema.

"Basi sema, mzee. Sema jina ni lake, nikamwambie."

Akaendelea kulamba kwa muda. Kisha akasema polepole, kama anayemsomea mke wa mfungwa, "Binti, nikilirudisha, mimi nitaitwa nani?"

Huruma ilitaka kunishika, na niliichukia. Nilimwacha na kopo, maana alikwisha kulitia kidole.

Mama alikuwa ameketi uani, ameelekeza sikio njiani. "Kasemaje?"

Nikamweleza yote. Sikumficha kidole, wala chozi, wala swali lake. Nikamweleza na habari ya watoto wa kuni.

"Walimwita hivyo, na yeye akafanya nini?"

"Aliitika, mama."

"Aliitika?"

"Aliitika. Tena alisema, marahaba, wanangu."

Mama alitema mate, yeye ambaye sikupata kumwona akitema mate maishani mwake. Miaka yote ile alijua ameibiwa, na alijua mwizi anachekwa. Hakujua kwamba mdomo ule, baada ya kuuliza kama kaburi limeandikwa, sasa uliitikia akiitwa mama wa Mwaja. Chakula cha jioni ile hakukigusa.

Asubuhi jirani alikuja kuazima chekeche. Alikuwa mgeni kijijini, hajafundishwa mwiko wa nyumba yetu. Akasimama nje ya ua akaita kama alivyosikia wazee wakimtaja.

"Hodi! Mama Mwaja!"

Nilinyanyuka haraka ili nimzuie. Mama alinishika nguo, akajivuta kwenye kigoda mpaka akakaa wima, na akajibu kwa sauti niliyodhani haipo tena kifuani mwake, sauti ya kufika mstari wa nyuma, alikokaa Karani.

"Abee!"